Mchungaji Hali

Kwetu Fagalele, kijiji chetu cha Samoa, mchungaji hali. Mbwa anakula, mtoto anakula, mimi ninayekusimulia nakula tena kwa pupa, lakini mchungaji na machifu wanataute. Hilo ndilo neno lao la heshima la kula. Ukimwambia mchungaji "karibu ule," umemkaribisha kwenye bakuli moja na mbwa, na bibi yako aliyelala kaburini mbele ya nyumba atakugeuzia mgongo. Watu wazima hawakosei. Watoto hufinywa mpaka wazoee. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyompata Fuatino na mwanawe yalitokana na neno hilo moja, na wapo hadi leo wanaoapa kwamba hapakuwa na jambo lingine.

Fuatino alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, wale wa miaka mitatu na minne, katika ukumbi wa kanisa. Mumewe, Sefo, alikuwa mkulima wa magimbi. Binti yao alizaliwa mwezi wa Septemba wakamwita Setema, jina la mwezi wenyewe kwa Kisamoa, bila kujisumbua. Alikuwa na miaka minne na mdomo wa mtu wa arobaini.

Darasa lilikuwa na watoto kumi na watatu. Mradi uliotoa vitabu, rangi na mshahara kiduchu wa Fuatino ulitaka watoto ishirini.

"Wasipofika ishirini hadi mwisho wa muhula, vitu vyote tunapeleka kijiji kingine," alisema bwana wa mradi alipokuja kutoka Apia. "Si mimi, mama. Ni karatasi ndizo zinazosema."

"Nimepita nyumba zote," Fuatino alijibu. "Wanasema mtoto wa miaka mitatu shule yake ni mgongo wa bibi yake."

"Na mama zao, saa hizi wako wapi?"

"Wako kwenye simu."

"Basi wafuate huko huko."

Bwana yule akamfungulia darasa ukurasa wa Facebook, akamwonyesha namna ya kurusha picha moja kwa moja. Akampa na maagizo. Wakusanye watoto duara. Waulize maswali, waache wajibu wenyewe, usiwatilie maneno mdomoni. Mama akimwona mtoto mdogo kama kidole anaulizwa na mtu mzima, naye anajibu sentensi nzima, atamleta wake mbio. Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na ndivyo alivyotuponza. Kwetu mtoto haulizwi. Mtoto anatumwa. Lete maji, fukuza nguruwe, nenda kwa shangazi yako ukaombe chumvi. Mtoto akianza kuwajibu wakubwa, watu hutazamana na kuuliza ni wa nani.

Hata Mareta, jirani yao mwenye mapacha, alimcheka Fuatino mbele ya duka. "Yaani wewe unataka nikuletee wanangu uwafundishe kuongea? Mume wangu anahangaika kuwanyamazisha tangu wazaliwe!"

"Watafundishwa na nyimbo na hesabu, Mareta."

"Nyimbo wanaimba kanisani. Hesabu watafundishwa na mdai wangu, maana kila siku ananihesabia vidole."

Wanawake waliokuwa dukani walicheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia. Fuatino naye alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mwanamke yule, na nitalirudia hilo.

* * *

Jumanne ile ilikuwa zamu yao ya meza ya mchungaji. Kila familia ina siku yake, na siku ya Sefo na Fuatino ilikuwa hiyo. Alfajiri Fuatino alichemsha kakao, akakaanga mayai mawili, akafunika mkate mzima kwa kitambaa cheupe, akaupeleka. Mkate ule ulikuwa ndio pekee nyumbani. Magimbi ya juma lile Sefo alikuwa ameyauza sokoni Salelologa, maana Jumapili iliyopita karani wa kanisa alikuwa amesoma michango ya paa jipya kwa majina, kutoka mkubwa hadi mdogo, na jina la Sefo lilikuja la mwisho likifuatwa na ukimya. Mtu aliyesomwa hivyo huuza hata anachotaka kupanda.

Setema alikunywa maji moto ya mchaichai yenye sukari. Akauliza mkate unakwenda wapi. Akaambiwa. Akanyamaza, na watoto wakinyamaza sisi huwa tunadhani wamesahau.

Saa tatu Fuatino aliegemeza simu kwenye debe la rangi, akabonyeza, akaketi kwenye duara pamoja na watoto wake kumi na watatu. Waliimba. Walihesabu magamba ya konokono. Watu arobaini hivi walikuwa wakitazama, wengi wao jamaa zetu wa Auckland waliokuwa kwenye mapumziko ya chai viwandani. Ndipo akauliza swali lake la kila siku, swali alilolipenda kwa sababu mtoto hata awe na haya vipi, habari za tumbo lake atazisema.

"Haya, Setema. Umekula nini leo?"

"Maji ya mchaichai, mama."

"Na nini tena?"

"Basi." Setema alisimama, akaweka mikono kiunoni kama bibi yake mzaa baba. "Mkate ni wa mchungaji. Mchungaji kala mkate wote. Kala na mayai, moja, mbili. Mchungaji anakula sa-a-ana!"

Watoto waliangua kicheko. Na Fuatino, badala ya kumziba mdomo, alicheka nao. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kutoka tumboni, cha mama aliyeona mwanawe amesema sentensi nne mfululizo na kuhesabu hadi mbili. Ndipo akatazama simu. Akainuka haraka hivi kwamba akaliangusha debe, na kitu cha mwisho watu walichokiona ni dari ya ukumbi wa kanisa.

* * *

Kabla ya saa sita dada yake, Loimata, alipiga simu kutoka Auckland.

"Watu elfu kumi na mbili! Fuatino, elfu kumi na mbili! Hapa kiwandani wote wanamwiga Setema. Hata Wahindi!"

"Nimeshafuta, dada."

"Umefuta nini? Watu walishaichukua kitambo. Kuna mmoja kaiwekea muziki."

Ilikuwa kweli. Wengine waliiwekea muziki, wengine wakabandika picha ya mkate wenye tai ya mchungaji shingoni. Chini yake komenti zilimiminika kutoka Auckland, kutoka Sydney, kutoka sehemu ambazo Fuatino hakuzijua. Mtoto kasema, wachungaji mmesikia? Ndiyo maana mimi niliacha kutuma mchango. Mama yangu alikufa akimlipia mchungaji gari. Fuatino alizisoma zote akiwa amekaa sakafuni, simu mkononi, na zile za kuwasema wachungaji zilimtisha. Lakini iliyomchoma ilikuwa moja fupi, ya mwanamke mzee aliyepiga picha na kofia yake ya kanisani: Hiki ni kijiji gani ambacho hata mwalimu hajui neno la kusema?

Jioni ile watu waliotazama walifika elfu sitini. Sisi wote hapa Fagalele hatufiki mia nne.

* * *

Kesho yake Fuatino alivaa gauni lake refu la kanisani akaenda kuomba radhi. Mchungaji alimpokea vizuri. Ni mtu mpole, na sitamsingizia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imefunikwa, macho mekundu ya mtu aliyeshinda na simu yake mwenyewe.

"Mimi sina neno, binti yangu," alisema. "Mtoto ni mtoto."

Mkewe ndiye aliyekuwa na neno, ila hakulisema. Alikwenda jikoni akarudi na mkate mpya, umefunikwa kwa kitambaa kile kile cheupe cha Fuatino, kimefuliwa na kupigwa pasi.

"Mpelekee mtoto," alisema kwa upole. "Tungejua mna shida, mwanangu, tungewasaidia mapema. Mbona mlinyamaza?"

Kukataa mkate wa nyumba ile asingeweza. Kuupokea pia asingeweza, akaupokea. Akatoka nao mchana kweupe, akapita kijiji kizima, na nyumba zetu hazina kuta. Tulimwona sote. Tuliacha kusuka, tukaacha kumenya magimbi, tukautazama mkate ukirudi. Hakuna aliyesema kitu, na mimi nilikuwa miongoni mwao, na naona haya kulisema.

Setema aliurukia. "Mkate!"

"Usiguse," alisema Sefo.

"Lakini ni wangu. Mama mchungaji kanipa mimi."

"Nimesema usiguse!"

Hawakuula. Ulikaa mezani siku nzima, na Setema akakaa mbele yake siku nzima, kidevu juu ya meza. Jioni Sefo aliuchukua akaenda kuwatupia nguruwe. Mtoto alisimama akasikiliza nguruwe wakila, kisha akamuuliza mama yake, "Kwani na nguruwe ni wachungaji?"

Safari hii Fuatino hakucheka.

* * *

Baraza la machifu lilikaa Alhamisi asubuhi. Familia ya Sefo inasemewa na baba yake mdogo, mzee Faalogo, mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Alirudi saa saba, akakaa akiegemea nguzo yake, akaomba maji, akayanywa yote.

"Kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, katoni hamsini za samaki wa kopo na nguruwe jike mkubwa, mbele ya baraza, kabla ya Jumapili. Na darasa litoke kwenye ukumbi wa kanisa."

"Katoni hamsini!" Sefo alishika kichwa. "Baba, hata tukijiuza sisi wenyewe—"

"Ya pili haina gharama." Mzee alimtazama Fuatino. "Mtoto aje Jumamosi nyumbani kwa mchungaji. Aseme kwamba alidanganya. Kwamba siku ile alikula mkate nyumbani kwao, akashiba, na mchungaji hakupungukiwa na heshima. Aseme kwa lugha ya kanisani. Na urushe kwa simu ile ile, kwenye ukurasa ule ule, ili wale wa ng'ambo waone. Akifanya hivyo, mambo yamekwisha na darasa linabaki."

"Lakini alisema kweli, baba."

"Nani kakwambia hakusema kweli?"

"Sasa—"

"Barazani hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Wote tuna zamu za meza, binti. Wote tuna watoto. Tulikaa saa nne tukajadili neno moja, na hata hilo neno halikuwa zito sana. Mtoto wa miaka minne, nani atamhesabia kosa?" Mzee alipangusa midomo. "Shida ni kile kicheko. Kicheko kile hakikuwa cha mtoto."

Fuatino aliinamisha kichwa. Mzee Faalogo hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka tu, na kule barazani alikuwa amekaa kimya saa zote nne wakati wenzake wakimsema mke wa mwanawe, na kwa mtu wa cheo chake hiyo si adhabu ndogo.

Akampigia dada yake.

"Loimata, nitumie pesa ya samaki. Nitakulipa polepole."

"Ng'o! Pesa ya wakili nitatuma. Pesa ya samaki situmi hata senti. Fuatino, dunia nzima iko upande wenu! Simama imara, usimfundishe mtoto uongo!"

"Dada, dunia nzima haitakuwa nami hapa Jumapili."

"Usiwe mwoga."

"Wewe ndiye umesimama, uko Auckland. Sisi tumekaa hapa, kwenye mkeka, na mkeka ni wa machifu."

"Basi njooni huku!"

"Kwa nauli gani? Ya samaki?" Fuatino akakata. Loimata alikuwa na moyo mzuri, na kazi, na mlango unaofungwa kwa ufunguo.

Fuatino angeweza kuliacha darasa. Jambo hilo alilifikiria alasiri yote akipanga magamba ya konokono kwa ukubwa. Angewarudisha watoto wale kumi na watatu kwa bibi zao, mradi uchukue vitabu vyake, yeye arudi shambani na Sefo. Lakini hata hivyo samaki wangedaiwa. Na miongoni mwa wale kumi na watatu kulikuwa na mmoja aliyekuja Februari hawezi kutaja jina lake mwenyewe, na sasa alikuwa analitaja, tena kwa sauti.

* * *

Ijumaa alimfundisha mwanawe uongo kwa ufundi wote aliokuwa nao. Alichora mkate. Alichora tumbo limejaa. Alilikata lile tamko vipande vitatu, akakipa kila kipande makofi yake, kama alivyofundisha siku za juma.

"Sema, nilikula mkate nyumbani."

"Sikula."

"Najua, mwanangu. Lakini sema tu."

"Kwa nini niseme na sikula?"

"Ni kama wimbo. Kwenye wimbo si tunasema sisi ni ndege? Sisi ni ndege?"

Setema alifikiri. "Ndege ni mchezo. Huu ni mchezo?"

Fuatino hakuweza kusema ndiyo. "Hebu tuanze na mchungaji. Mchungaji alitaute."

"Mchungaji alitaute," alisema Setema vizuri kabisa.

"Safi! Na wewe?"

"Mimi sikutaute."

"Wewe hutaute. Wewe unakula."

"Sikula!"

Walikwenda hivyo hadi jua likawa utosini. Kwa kila kipande mtoto alikuwa na jibu, na kila jibu lilikuwa sahihi, na mwalimu aliyekuwa ndani ya Fuatino alikuwa akijivunia huku mama akilia. Sefo alikuwa ameketi ukingoni mwa nyumba akisikiliza. Hakuwa mtu wa mkono mwepesi. Aliinuka, akachukua ufagio wa njiti uliokuwa kwenye nguzo, akamchapa mtoto mara moja mguuni. Mara moja tu, tena si kwa nguvu.

Setema hakulia. Alimtazama baba yake, akautazama ufagio, kisha akalisema tamko lote kwa pumzi moja, kuanzia "niwieni radhi" hadi "amina," bila kukosea hata neno.

Miaka mitatu Fuatino alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama kwamba mtoto hafundishwi kwa fimbo, kwamba fimbo haiingizi kitu kichwani. Alikaa pale na picha yake ya mkate mkononi. Sefo alirudisha ufagio kwenye nguzo, akatoka, na watu waliokuwa njiani walimwona analia kama mtoto.

* * *

Jumamosi machifu walikaa kila mmoja akiegemea nguzo yake katika nyumba ya mchungaji. Mzee Faalogo aliketi nje juani, mkeka mwororo wa familia umemfunika kichwa na mabega, kama tunavyofanya tukija kuomba radhi kwa jambo la damu. Mkeka ule ulisukwa na mama yake Sefo kwa miaka miwili, macho yakamharibikia. Walimwacha juani dakika kama kumi hivi, kisha mmoja akatoka kumfunua.

Fuatino alishika simu. Akabonyeza, ikaanza kurusha.

Setema alivaa gauni jeupe. Aliinama, akaketi, akakunja miguu. "Niwieni radhi, waheshimiwa mliokaa," alianza, kwa ile lugha safi ya kanisani, herufi zote mahali pake, lugha ambayo vijana wetu wengi wa miaka ishirini wanaiogopa. "Jumanne nilidanganya. Nilikula mkate nyumbani, nikashiba. Mchungaji wetu alitaute kidogo, akatubariki. Amina."

Mke wa mchungaji alifuta machozi kwa kanga yake. Machifu waligusa sakafu kwa viganja vyao, kuonyesha wamepokea. Mchungaji alikuwa anautazama mkeka. Katika nyumba ile nzima yeye ndiye aliyejua kuliko wote hesabu ya mayai yale, na kwamba mkate uliisha. Midomo yake ilifunguka mara moja, nikadhani atasema. Ningempenda maisha yangu yote kama angesema. Alisema, "Amina."

Elfu tisini walitazama. Loimata hakupiga simu.

* * *

Jumatatu asubuhi Fuatino alipofika ukumbini alimkuta Mareta mlangoni, mapacha wake wamepakwa mafuta ya nazi mpaka wanang'aa. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine saba, wawili kutoka kijiji cha pili, kila mmoja na mtoto wake mkononi.

"Mwalimu," Mareta alisema, na hakuwahi kumwita hivyo, "tusamehe kwa maneno ya dukani. Tulikuwa hatujui shule yenyewe inafundisha nini. Nataka wanangu waongee kama Setema."

"Kama Setema wa lini?" aliuliza Fuatino.

Mareta alicheka, akidhani ni utani. "Huyu wa Jumamosi, jamani! Mume wangu kaiangalia mara sita. Kasema, mtoto wa miaka minne anawaheshimu machifu namna ile? Hiyo ndiyo elimu."

Akawaandika. Walikuwa watoto ishirini na wawili. Alimtumia habari bwana wa mradi kule Apia, naye akajibu kwa kumtumia vidole gumba vitatu na kumwomba aendelee kurusha kila siku, kwa kuwa sasa ukurasa una watu. Vitabu vilikuwa vimebaki. Rangi zilikuwa zimebaki. Kila alichokipigania Fuatino kilikuwa pale mbele yake, kimejaa ukumbi mzima.

Akina mama wapya hawakutaka kuondoka. Walikaa ukutani kutazama. Fuatino aliegemeza simu kwenye debe, akaimba na watoto, akahesabu nao magamba. Lile swali la kila siku alilipita, akaenda moja kwa moja kwenye rangi.

"Mwalimu," Mareta aliita kutoka ukutani, "na lile la chakula? Muulize Setema wanangu wasikie."

Wanawake wote waliitikia. Fuatino alitazama simu, kisha akamtazama mwanawe.

"Setema. Umekula nini leo?"

Mtoto alisimama. Hakuweka mikono kiunoni. Aliifunga mbele, akainama. "Nimekula mkate, mwalimu. Nimeshiba. Ahsante."

Ukuta mzima ulipiga makofi. Fuatino naye akapiga, maana simu ilikuwa inarusha. Juma lile nyumbani kwao mkate haukuingia. Asubuhi ile ile alikuwa amemmiminia maji ya mchaichai kwa mkono wake mwenyewe, na sukari ilikuwa imekwisha.

Watu walipotawanyika alizima simu, akaitia mkobani, akafunga mkoba. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamshika mabega.

"Setema, nimeizima. Tuko wawili tu, mimi na wewe. Mimi ni mama yako. Una njaa?"

Setema aliutazama mkoba. Akageuza macho kwenye nguzo ya ukumbi, palipoegemezwa ufagio wa njiti wa kufagilia darasa. Halafu akakunja mikono mbele, akainama vizuri kama alivyofundishwa.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Nimekula mkate."